Talaka ya Karatasi

Mwanamke akikuambia hana wasiwasi na huku anachuja asali ileile kwa mara ya tatu, usimwamini. Batuli alikuwa amekaa kwenye kigoda uani kwa mama mkwe wake, mtaa wa Kanyenye, Tabora, kitambaa cheupe kimefungwa kwenye mdomo wa ndoo, anaitazama asali ya Usinge, ile ya biashara yake, ikishuka tone kwa tone. Ilishakuwa safi tangu asubuhi. Lakini mikono ilitaka kazi, na macho yalitaka mahali pa kutua pasipokuwa mlango wa sebuleni, ambako Bi Hafsa, mama wa mumewe, alikuwa akizungumza na mwanawe Nassibu kwa sauti ya chini tangu saa tatu.

Ilikuwa Alhamisi. Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, Maalim Awadhi, ami yake Nassibu, angekuja na mashahidi wawili ili Nassibu aandike talaka. Mambo yote yalikuwa yamepangwa, hata chakula cha wageni. Aliyekuwa bado hajaulizwa chochote ni huyo wa kuachwa, na ndiye pia aliyeambiwa apike.

Tuanze na nyumba, maana ndiyo iliyozua yote haya. Nje kidogo ya mji kulikuwa na mradi wa nyumba ndogo nzuri, vyumba viwili na sebule, jiko la ndani na bomba lake. Nassibu, fundi wa milango na vitanda vya mninga, alikuwa amejinyima miaka minne kwa ajili ya nyumba mojawapo. Na kulikuwa na nafuu: anayenunua nyumba ya kwanza maishani mwake alisamehewa kodi. Kwa msamaha huo Nassibu alikuwa anafika. Bila msamaha, hata angeuza randa na misumeno yake yote, asingefika.

Basi wiki mbili nyuma walikwenda wote wawili ofisini kwa mradi, yeye na kanzu yake ya Ijumaa, Batuli na mtandio mpya, wamekaa karibu karibu kama watu wanaopigwa picha. Dada aliyewapokea aliitwa Consolatha, mpole, mwenye mwandiko wa kike uliosimama vizuri. Alisoma swali moja baada ya jingine kwenye fomu, nao wakijibu kwa raha, mpaka alipofika penye swali la sita: wewe au mwenzi wako mmewahi kumiliki nyumba?

Nassibu alisema hapana. Batuli akakohoa, akasema kuna ile ya baba, mtaa wa Ng'ambo.

Nyumba ile ya Ng'ambo ilijengwa na babu wa babu yake, mpagazi aliyefika Tabora na msafara, miguu ikagoma, akaapa hasogei tena hata hatua moja kuelekea Ujiji. Baba yake Batuli alipofariki, kaka zake walianza kuwaonyesha madalali vyumba kabla hata arobaini haijasomwa. Shangazi zake wakaja juu. Wakakaa na hao vijana siku nzima, wakawabana mpaka wakatia saini, na nyumba ikaandikwa kwa jina la Batuli, mtoto wa kike pekee. Alikuwa na miaka kumi na saba. Hoja ya shangazi ilikuwa moja: binti ataolewa atakwenda zake, hatakuwa na sababu ya kuiuza. Na kweli hakuiuza. Kaka zake wanakaa humo mpaka leo, na yeye hajawahi kupokea hata senti ya kodi ya chumba. Jina lake lilikuwa kwenye hati ili kuilinda nyumba tu.

"Pole, dada," Consolatha alisema. "Mume na mke tunawahesabu kama mtu mmoja. Mmoja akiwa amewahi kumiliki, wote mmemiliki."

Nassibu aliuliza je, mkewe akiwaandikia kaka zake nyumba yao. Consolatha akatikisa kichwa taratibu. Swali lilikuwa linauliza kama mmewahi, halikuuliza kama mnamiliki leo. Kisha, kwa wema wake wa kutaka mteja aelewe kila kitu, akaongeza kwamba mtu ambaye hajaoa, au aliyeachana na mwenzake na ana hati ya talaka, hutazamwa peke yake. Akawapa fomu waende nayo nyumbani, akasema irudi Jumatatu ya mwisho wa mwezi, iwe ya kupata msamaha au ya kukosa.

Nassibu aliyabeba maneno hayo mpaka kwa mama yake bila nia mbaya. Batuli angeapa kwa hilo. Lakini Bi Hafsa aliyasikia akayapokea kwa mikono miwili.

Bi Hafsa hakuwa mtu mbaya, na ni vizuri tuseme hivyo mapema, kwa sababu riwaya nyingi zinawaonea mama wakwe. Alikuwa mjane mwenye nyumba ya vyumba vitatu na mtoto wa pili, Sadiki, ambaye bibi harusi wake alikuwa anakuja baada ya wiki tatu. Chumba cha bibi harusi huyo kilikuwa ndicho hicho walichokuwa wanalala Nassibu na Batuli. Wakwe wa Sadiki walishaambiwa chumba kipo. Kwa hiyo alipomwita Batuli jikoni na kumweleza, alimweleza kwa upendo, akimenya vitunguu.

"Talaka moja tu, mwanangu, ya karatasi," alisema. "Aipeleke, wampe nyumba, kisha akurejee kabla eda haijaisha. Wala huendi kokote. Utalala na mimi chumbani kwangu hiyo miezi mitatu, tukipiga hadithi."

Batuli alisema ndiyo mama, nimesikia mama. Nini kingine angesema? Kile alichokuwa nacho moyoni hakikuwa chake peke yake kukisema.

Bi Hafsa hakujua kwamba talaka mbili zilishatoka.

Ya kwanza ilitoka mwaka wa kwanza wa ndoa, chumbani kwao humohumo, kwa ugomvi wa kipuuzi ambao Batuli hakupenda hata kuukumbuka. Nassibu aliitamka, akashtuka mwenyewe, na kabla ya alasiri alikuwa amepiga magoti anamrejea. Ya pili ilikuja kwa simu. Nassibu alikuwa Usinge kutafuta mbao, mtu akampenyezea maneno kwamba mkewe ameonekana amepakiwa kwenye gari la mfanyabiashara wa asali. Akatuma ujumbe wa neno moja: nimekuacha. Alipopata ukweli, kwamba ndani ya gari hilo walikuwamo wanawake watano na ndoo zao, alisafiri usiku kucha juu ya lori la mbao, akafika asubuhi vumbi mpaka kwenye kope, na hapo mlangoni, kabla ya salamu, akasema amemrejea. Wakalia wote wawili. Kisha akamsihi wasimwambie mtu yeyote, naye Batuli akampa neno lake.

Talaka ni tatu. Hilo hata asiyekwenda madrasa analijua. Mbili mtu anaweza kurejea. Ya tatu hairejewi: mpaka mwanamke aolewe na mwanamume mwingine, ndoa ya kweli ya kukaa, nayo ndoa hiyo ivunjike yenyewe. Na ya karatasi ni talaka vilevile kama ya mdomo.

Nassibu alilijua hilo. Au alikuwa analijua? Siku nane zilikuwa zimepita tangu mama yake atoe shauri, na hakuwa amesema neno chumbani zaidi ya kuuliza maji ya kuoga.

Mlango wa sebuleni ulifunguliwa. Nassibu akatoka, akapita uani bila kumtazama, akashika njia ya kwenda karakana yake. Batuli alifunika ndoo, akanawa mikono, akajitupia mtandio na kumfuata.

Karakana ilikuwa mitaa miwili tu kutoka nyumbani. Alimkuta ameinamia mlango wa mninga aliokuwa akiutengeneza kwa ajili ya nyumba yao mpya, akiupiga randa mahali ambapo palishalainika zamani. Kumbe alikuwa akifanya kilekile alichokuwa akifanya yeye na asali. Maranda yalikuwa yamemganda shingoni kwa jasho, na Batuli alisikia mkono wake ukitaka kwenda kuyapangusa, kama ulivyozoea. Akauzuia.

"Kesho ami anakuja," alisema.

"Najua."

"Utaandika?"

Nassibu aliendelea na randa. "Ni karatasi tu, Batuli."

"Mume wangu, umezitoa ngapi?"

Randa ikasimama. Akasema, akiutazama mlango, kwamba ametoa moja. Ile ya simu haihesabiki. Hakuitamka. Alikuwa na hasira, alikuwa mbali, alikuwa amedanganywa na watu. Aliyapanga maneno hayo vizuri, na Batuli akajua yamepangwa kwa siku nyingi.

"Kama ile haikuwa talaka," Batuli aliuliza, "asubuhi ile mlangoni ulinirejea kutoka wapi?"

Nassibu akapuliza maranda yaliyonasa kwenye randa.

"Nijibu, Nassibu. Nilikuwa nimekwenda wapi, mpaka ukanirejea?"

"Unataka nifanye nini?" Sasa alimgeukia, na macho yake yalikuwa mekundu ya mtu asiyelala. "Mama ameshawaahidi wakwe wa Sadiki. Ami ameshaitwa. Nisimame mbele yao niseme nilikuacha mara mbili? Mama yangu huyo, ambaye kila harusi anasema wanaume wa nyumba yake hawaachi? Baba alikaa naye miaka thelathini na tisa, neno hilo halikumtoka hata kwa utani."

"Kwa hiyo unaiogopa aibu kuliko kunikosa mimi."

Alimngoja akanushe. Alimngoja kwa muda ambao mtu angeweza kuhesabu mbao zote zilizoegemea ukutani, na kweli alizihesabu, zilikuwa kumi na moja. Nassibu akashika tena randa. Batuli akajifunga mtandio vizuri na kuondoka. Njia nzima alikuwa akiitikia salamu za watu bila kujua anamwitikia nani, na kifua kinamuuma hasa, si maneno ya hadithi, kinamuuma upande wa kushoto.

Alifikiri kusema mwenyewe. Ingekuwa rahisi: angemwendea Bi Hafsa, angemweleza, jambo lingekwisha. Lakini kulikuwa na lile neno alilotoa, na zaidi ya neno kulikuwa na kitu kingine kilichomfunga ulimi. Akisema yeye, ndoa itapona, lakini mpaka siku anakufa hatajua kama Nassibu angemshika au angemwachia. Atalala naye kila siku akijiuliza. Alimpenda mno mwanamume yule kuweza kuishi naye hivyo. Akaamua kunyamaza, na uamuzi huo ulimtisha kuliko talaka yenyewe.

Ijumaa alipika. Alipika pilau, tena nzuri, maana hata mwanamke anayeachwa ana jina lake la kulinda. Saa saba na nusu wanaume walirudi kutoka msikitini. Maalim Awadhi alitangulia na fimbo yake, mzee mfupi, mwenye kofia ya bulibuli iliyofuliwa mpaka imekuwa laini. Ndiye aliyewaozesha miaka mitatu iliyopita. Nyuma yake walikuja mashahidi, wazee wawili majirani, kisha Nassibu, mikono nyuma.

"Shikamoo, ami," Batuli alisalimia kutoka mlangoni.

"Marahaba, binti yangu," Maalim akaitikia, na akamtazama kwa namna iliyomfanya ainamishe kichwa.

Wakala kwanza. Hakuna aliyeisifia pilau, na sinia likarudi jikoni karibu kama lilivyokwenda. Bi Hafsa ndiye peke yake aliyekuwa mchangamfu. Aliwaeleza wazee habari za nyumba mpya, bomba la ndani, jiko la ndani, akasema vijana wa siku hizi wana bahati, serikali inawasamehe kodi kwa kuandika karatasi mbili tatu. Batuli aliingia na birika kunawisha wageni mikono, na alipofika kwa Nassibu maji yakamwagika kwenye mkeka.

Alipomaliza alipaswa kurudi uani. Hakurudi. Alisimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, birika kifuani.

Maalim Awadhi alifungua karatasi juu ya meza ndogo, akavaa miwani. Alisema kabla ya yote kwamba hapendi jambo hili. Amekubali kuja kwa sababu ameitwa na shemeji yake, lakini wasije wakadhani kuna talaka ya kweli na nyingine ya ofisini. Maneno haya hayana mchezo, alisema, ukiandika umeacha. Kisha akaandika tarehe, akaandika jina la Nassibu na la baba yake, akaandika jina la Batuli na la baba yake. Sauti ya kalamu ilisikika sebule nzima. Akasimama penye nafasi moja.

"Hii ni ya ngapi?" aliuliza.

"Ya kwanza, shemeji," Bi Hafsa alijibu, na akacheka kidogo. "Ya ngapi tena? Wanaume wa nyumba hii hawaachi."

Wale mashahidi nao wakatabasamu. Maalim hakuandika.

"Nimemuuliza mwanao," alisema.

Nassibu alikuwa akitazama mkeka. Akainua macho, yakapita juu ya vichwa vya wazee, juu ya mama yake, mpaka mlangoni, yakakutana na ya Batuli. Batuli alitaka kumsaidia. Alitaka hata kutikisa kichwa, ndiyo au hapana, chochote. Akajikaza, akamtazama tu, na kama macho yana sauti basi yake yalikuwa yanamwomba kwa jina. Birika lilikuwa zito ghafla. Alisikia baiskeli ikipita nje, na kengele yake. Ya pili, alijiambia. Atasema ya pili, na Maalim ataandika, na mimi nitakwenda Ng'ambo kulala kwenye nyumba yangu.

"Ya tatu, ami," Nassibu alisema.

Bi Hafsa aligeuka. "Ya tatu ya nani?"

"Ya kwangu, mama." Sauti ilikuwa ndogo, lakini haikukatika. "Nimeshamwacha mke wangu mara mbili. Mara ya kwanza chumbani kwetu, wewe ulikuwa umekwenda msibani. Mara ya pili kwa simu, nikiwa Usinge, kwa maneno ya watu. Nilimrejea zote mbili, na nikamwomba asiseme, na hajasema. Hata jana alinifuata karakana kuniuliza. Nikamwambia ile ya simu haihesabiki. Nilimdanganya, na nilijua namdanganya."

Shahidi mmoja aliishika fimbo ya Maalim kana kwamba ndiye mwenye nayo.

"Nikiandika hapo, hakuna kurejea," Nassibu aliendelea. "Nitapewa nyumba, na nitakaa humo namsikia anaolewa na mtu mwingine. Siandiki. Nisameheni wote. Siandiki."

Maalim Awadhi alivua miwani. Akaikunja ile karatasi mara mbili, kisha akaichana, vipande akavitia mfukoni mwa kanzu yake kwa sababu vilikuwa na majina ya watu. Alimkemea Nassibu, na alimkemea barabara, kwamba mtu mzima hafichi jambo kama hilo kwa aliyemwozesha, na kwamba ulimi wake mwepesi umembakizia kamba moja tu, akiikata asije kwake kulia. Nassibu aliitikia kila neno kwa kuinamisha kichwa. Bi Hafsa alikuwa amejifunika uso kwa upande wa kanga. Alipoufunua, alimtazama Batuli kwa muda mrefu, kama aliyeletewa mkwe mwingine leo.

"Na mimi nilikuambia utalala chumbani kwangu," alisema. "Ulikuwa unaniitikia ndiyo mama, ndiyo mama."

"Nilikuwa nimempa neno langu, mama."

Bi Hafsa akapangusa macho. Baadaye kidogo, kwa sauti ya kawaida ya mwenye nyumba, akauliza, na chumba cha Sadiki je? Nassibu akasema Sadiki aoe, chumba chake kitakuwa wazi kwa siku iliyosemwa. Wao watatafuta cha kupanga, kimoja tu, popote. Hakujua watalipaje, wala watakaa humo miaka mingapi, na hakujifanya anajua. Batuli alisikia wasiwasi wa wiki tatu zijazo ukianza kumnyemelea pale pale aliposimama: mizigo, ndoo za asali, mwenye nyumba asiyependa nyuki mlangoni. Akaukaribisha. Ulikuwa wasiwasi wa watu wawili.

Nassibu alitoa fomu ya Consolatha kutoka mfukoni, imekunjika na kuchafuka kwa mafuta ya mbao, akaitandaza juu ya meza palepale ilipokuwa karatasi ya talaka. Jumatatu ilikuwa lazima irudi. Akamwomba ami yake kalamu. Penye swali la sita aliandika ndiyo, na huo ndio ukawa mwisho wa msamaha wa kodi na wa nyumba yenye bomba la ndani. Mkono wake ulisimama kwenye mstari uliofuata, ule wa hali ya ndoa.

Hapo Batuli aliweka birika chini. Mbele ya mama mkwe, mbele ya Maalim na wazee wawili wa watu, alivuka mkeka, akaketi ubavuni mwa mumewe mpaka mabega yakagusana, jambo ambalo katika nyumba ile halikuwahi kufanywa na mke yeyote mbele ya wageni. Bi Hafsa alikohoa. Batuli hakusogea.

Nassibu akaandika: nimeoa. Maandishi yalikuwa membamba, hafifu.

"Kandamiza kalamu," Batuli alimwambia. "Rudia juu yake, isomeke."